Mselem wa Kilima Chokaa

Mselem Zubeiri alikuwa mtoto wa Makorora, na mpaka alipofika miaka kumi na sita watu wa mtaa ule walimjua kwa jambo moja tu: tarumbeta. Baba yake, Mzee Zubeiri, alikuwa fundi cherahani aliyeweka mashine yake kwenye baraza ya duka la Mhindi kule Chumbageni, akishona kanzu na suruali za makarani. Mama yake, Saleha, alitoka pande za Mtang'ata, na lafudhi yake ya kwao hakuiacha hata baada ya miaka mingi ya kukaa mjini. Walikuwa wamezika watoto wengine kabla ya huyu. Mselem ndiye aliyewabakia, na ndiye waliyempeleka shule.

Shule yenyewe ilikuwa ya serikali, ikiitwa Kilima Chokaa, nje kidogo ya mji ukishika barabara ya kwenda Muheza. Wakati ule, miaka ya mwanzo ya hamsini, hapakuwa na shule nyingine ya namna ile pwani yetu. Asubuhi wavulana walisoma Kiingereza, hesabu na jiografia kama wanafunzi wa mahali pengine. Lakini baada ya chakula cha mchana kengele ilipolia, shule iligawanyika mafungu matatu. Wengine walikwenda kwenye sanaa, yaani kuchora na bendi. Wengine kwenye ufundi, useremala na uashi. Waliobaki walikwenda uwanjani kwenye michezo. Sharti la Mwalimu Mkuu, Mwingereza mmoja mpole wa maneno lakini asiyegeuza kauli, lilikuwa kwamba kila mvulana ashike japo fungu moja na alishike vizuri. Asiyeweza lolote alirudishwa kwao mwisho wa mwaka, ili nafasi yake apewe mwingine. Na waliokuwa wakiingoja nafasi ile walikuwa wengi.

Mselem hakuwa na wasiwasi na sharti hilo. Mwalimu wa bendi, Manase, Mbondei aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi wakati wa vita, alimsikiliza siku ya kwanza, akamnyang'anya mvulana mwingine tarumbeta ya mbele akampa yeye. Baadhi ya Jumamosi bendi ilishuka mjini na kupita mbele ya posta, na watu wa Makorora walikwenda kumtazama mtoto wao. Saleha alisimama nyuma ya wanawake wenzake, ameuma pindo la kanga yake, maana aliona haya kuonekana anavyofurahi.

Mwaka ule alipokuwa darasa la kumi, kabla ya mvua za masika, Mselem aliamka bwenini na kichwa kinachomuuma kupita kiasi. Shingo ilikaza, haigeuki. Jirani yake wa kitanda, Abrahamu, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka ofisini. Abrahamu alikuwa mtoto wa watu wa shamba la mkonge karibu na Muheza. Wazazi wake walikuwa wameshuka kutoka milima ya Usambara kutafuta kazi, Walutheri, na Mselem alikwisha kulala kwao likizo moja na kula ugali wa mama yake. Gari la shule lilimpeleka hospitali, na huko wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Alilala hajitambui, mama yake ameketi sakafuni kando ya kitanda.

Alipofumbua macho alimwona mama yake anainama juu yake na midomo inacheza. Akadhani anamnong'oneza kwa ajili ya wagonjwa wengine.

"Mama, sema kwa sauti," alimwambia.

Wagonjwa wa vitanda vya karibu waligeuka wote wakamtazama. Hapo hakuelewa kwa nini. Saleha alikuwa akisema kwa sauti yake ya kawaida tangu mwanzo, na aliyepiga kelele, bila kujua, alikuwa ni yeye.

Daktari aliwaambia wazazi kwamba mtoto amepona na washukuru, kwani wengi hawaponi. Kuhusu masikio, alisema pengine yatafunguka, pengine hayatafunguka. Saleha alilishika lile pengine la kwanza. Alimtia mwanawe masikioni mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto. Alikwenda kwa shehe, akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na Mselem akayanywa maji yale asubuhi na jioni. Alimpeleka kwa mganga mmoja njia ya Pangani, ambaye alimfukiza mpaka machozi yakamtoka. Kila walipotoka mahali alisimama nyuma ya mwanawe akapiga makofi. Mselem hakugeuka. Mara moja aligeuka, Saleha akapiga magoti palepale njiani kumshukuru Mungu, kumbe alikuwa ameona kivuli cha mikono yake mchangani.

Pale nyumbani waliozungumza naye kwa maandishi walikuwa wachache. Saleha hakujua kuandika. Mzee Zubeiri aliandika kwa herufi za Kiarabu, na Mselem, aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, alizisoma. Kwa hiyo baba mtu alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akawa anamwandikia kwenye kipande cha kitambaa cheusi, kisha anakung'uta na kuandika tena. Neno la kwanza aliloandika lilikuwa kumuuliza anataka nini. Mselem akajibu kwamba anataka kurudi shule.

Mwalimu Mkuu alimpokea. Alisema atamwangalia muhula mmoja, na sharti la mafungu matatu linabaki palepale. Darasani Abrahamu alihama akakaa ubavuni pake, akawa anayanakili maneno ya mwalimu kwa haraka, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na Mselem akiyasoma yakiwa bado yanaandikwa. Kwa kichwa alichokuwa nacho, hesabu hazikumshinda. Asubuhi zilipita hivyo. Shida ilikuwa mchana.

Alirudi kwenye bendi kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Vidole vilikumbuka, na midomo ilikumbuka pia. Alisimama mahali pake pa mbele akapiga nyimbo zote alizozijua, macho kwenye mkono wa Mwalimu Manase, mtikisiko wa shaba ukimwingia kwenye meno. Kwake yeye tarumbeta ilikuwa ikilia sawasawa, maana kichwani mwake aliisikia ilivyokuwa ikilia zamani. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyingine. Ilipanda mahali pa kushuka na kukwaruza mahali pa kuimba, na wenzake walishindwa kuifuata wala kuikwepa. Manase hakusema neno kwa wiki kadhaa. Alimhamishia mstari wa nyuma kwanza, kisha pembeni. Siku moja Mselem aliinua macho katikati ya wimbo, akawaona wapiga ngoma wameinamisha vichwa na mabega yao yanatikisika kwa kicheko. Akashusha tarumbeta. Bendi yote ikanyamaza, yeye asijue kwamba imenyamaza.

Manase aliwatoa wavulana nje. Akachukua chaki akaandika ubaoni: "Kosa si lako." Kisha akafuta, akaandika kwamba hawezi kumpeleka tena mbele ya watu. Mselem alimwambia, kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza kuipima, "Mwalimu, nipe ngoma basi. Ngoma naisikia kwa miguu." Manase alitikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kulifikiria hilo na kulijaribu moyoni mwake, na alijua kwamba mvulana anayechelewa nusu pigo anaiangusha bendi nzima. Akampokea tarumbeta, akaifuta kwa kitambaa mbele yake, akaitia sandukuni.

Wiki iliyofuata Mselem alikwenda karakana. Fundi Uweso, mwalimu wa useremala, alikuwa mzee wa Chumbageni aliyejulikana kwa milango yake ya nakshi. Alimkubali, akamkataza asikanyage upande wa msumeno wa mashine. Alimpa randa na mbao za mvule, akamsimamisha kwenye meza ya mwisho karibu na dirisha. Na pale, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, Mselem alipata nafuu ya roho. Useremala wa mkono hauhitaji masikio. Ubao unakuambia kwa kiganja ukishasawazika. Uweso alimwambia Manase kwamba kijana ana mkono wa subira na akikaa naye mwaka mmoja atatoka fundi. Mselem akaenda nyumbani siku ya mapumziko na kiti kidogo cha kukalia jikoni alichomtengenezea mama yake. Saleha alikitembeza nyumba kwa nyumba akiwaonyesha majirani.

Kisha ikafika siku ya Asheri.

Asheri alikuwa mvulana wa Muheza, baba yake mwenye miti ya machungwa, na alikuwa fungu moja la ufundi na Mselem. Mchana ule kengele ya chai ililia na karakana ikawa tupu. Mselem hakuisikia, na hakuna aliyekumbuka kumgusa bega. Aliendelea kupiga randa, mgongo ameupa chumba, uso dirishani. Fundi Uweso alikuwa ofisini. Asheri alirudi peke yake kuchukua ubao aliotaka kuanza nao, akapanda juu ya rundo la mbao zilizoletwa asubuhi. Rundo likateleza. Mbao nzito za mvule zilimwangukia, zikaubana mguu wake chini ya goti na kuuvunja.

Mselem aliihisi sakafu ikitikisika. Akafikiri ni lile lori la mbao limerudi. Hakugeuka, kwa sababu ubao aliokuwa akiuranda ulikuwa umeanza kung'aa na alitaka kuumaliza kabla wenzake hawajaja.

Asheri alimwita. Hatua chache tu zilikuwa kati yao. Alimwita kwa jina, akamwita kwa jina la Mungu, akarusha vipande vya mti vikaangukia njiani. Ng'ambo ya ua bendi ilikuwa haijavunja kwa chai, bado inafanya mazoezi, ngoma na tarumbeta zote, na mtu wa nje asingeweza kusikia kinachoendelea karakana. Asheri alilala pale akiutazama mgongo wa mwenzake ukienda mbele na kurudi, mbele na kurudi, mpaka Fundi Uweso aliporejea.

Mselem alichokiona kwanza ni Uweso akipita mbio. Alipogeuka aliona damu kwenye maranda. Alikimbia akashika mbao na kuziinua pamoja na mzee, na Asheri akamtazama usoni kwa namna ambayo hakuielewa. Aliielewa jioni. Alimwuliza Abrahamu kilichotokea, na Abrahamu hakutaka kujibu. Alipomshika mkono na kumsihi, Abrahamu alichukua kalamu akaandika neno moja: "Alikuita."

Mguu wa Asheri hospitali waliufanyia walichoweza, ukaunga vibaya. Hakurudi shule. Baba yake alikuja kuchukua sanduku lake, na Mselem akamfuata mpaka getini ili amwambie maneno fulani, lakini yule mzee hakusimama. Hakuna aliyemwambia Mselem kwamba ana kosa. Mwalimu Mkuu alisema waziwazi mbele ya shule kwamba ni ajali. Lakini Uweso, ambaye aliandikiwa onyo kwa kuiacha karakana, alikuja mwenyewe kwenye ile meza ya dirishani akamchukulia randa mkononi. Alikuwa na machozi. Alimwekea mkono kichwani kama mtu anayemwombea maiti, akaondoka.

Likabaki fungu la tatu.

Mselem hakuwa mwanariadha. Alikuwa na miguu mirefu na pumzi ya mpiga tarumbeta, basi. Lakini mashindano ya shule za jimbo yalikuwa yanakaribia, na Mwalimu Mkuu alikuwa amekubali kwamba akionyesha jambo katika mbio za maili moja atabaki. Tangu siku hiyo alikimbia kila alfajiri, na kila jioni tena, kando ya mashamba, Abrahamu akimfuata kwa baiskeli ya kuazima. Alikonda. Chakula alikula kwa kulazimishwa. Usingizini, Abrahamu alisema, alikuwa akipiga mayowe kama mtu anayemwita mwenzake kutoka mbali, na wavulana wa bwenini wakaomba ahamishwe. Lakini miguu ilishika kasi. Kwa kujifunza kuondoka alitazama nyayo za jirani yake, na zilipoinuka naye aliinuka. Alichelewa kidogo, lakini katika maili nzima si kitu.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Saleha alikuja na wanawake wa Makorora, Mzee Zubeiri alifunga mashine yake akaja na kanzu ya Ijumaa. Wakimbiaji walipangwa. Mselem aliinama, macho kwenye mguu wa kijana wa kulia kwake. Mguu ukaruka, naye akaruka.

Asichokijua ni kwamba kijana yule alitangulia kabla ya bastola, na bastola ililia mara ya pili kuwarudisha. Wote walisimama isipokuwa yeye. Alikata kona ya kwanza akiwa mbele, akaona watu wameinuka, vinywa wazi, mikono hewani. Alidhani wanamshangilia. Mwalimu mmoja aliingia njiani akipunga mikono yote miwili, Mselem akampita huku akimchekea. Upande wa mbali wa uwanja alijiona yuko peke yake kabisa, na moyo wake ulijaa, kwa sababu alijua kwamba hajapata kukimbia namna ile maishani. Aliongeza mwendo. Akamaliza kona ya mwisho, na pale mbele yake aliwaona wakimbiaji wenzake wote, wamesimama mahali walipoanzia, mikono viunoni. Baadhi walikuwa wakicheka, na watu jukwaani nao walikuwa wakicheka. Wengine walikuwa wamefunika nyuso.

Saleha alikuwa ameshuka kutoka kwa wenzake anataka kuingia uwanjani, na askari alimzuia. Akakaa palepale kwenye nyasi.

Abrahamu alimwendea Mselem na kumwashiria atoke. Mselem alikataa. Alirudi kwenye mstari, kifua kikipanda na kushuka, akainama na wengine. Bastola ikalia, wakaondoka. Alikuwa amekwisha kuimaliza nguvu yake katika mzunguko usiohesabiwa. Wote walimpita mmoja mmoja, na mshindi alipokata utepe yeye alikuwa nyuma, anakokota miguu, hataki kuacha. Alifika mwisho watu wakiwa wamekwisha kugeukia mchezo mwingine.

Jumatatu yake Mzee Zubeiri aliitwa shuleni. Mwalimu Mkuu alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba ameuliza kila mahali na hakupata habari ya shule ya viziwi katika Tanganyika nzima, na kwamba hawezi kumweka kijana mahali ambapo hawezi kumfundisha. Alisema anasikitika, na alisikitika kweli. Mzee Zubeiri alishukuru kwa adabu. Nje, chini ya ukuta wa bweni, alitoa kile kitambaa cheusi na chaki, akaandika neno moja: "Yamekwisha." Mselem alilisoma. Akamnyang'anya baba yake kitambaa, akakikung'uta mpaka hakuna chaki tena, kama kwamba kwa kufanya hivyo neno lingeondoka.

Miezi iliyofuata, ya kukaa nyumbani Makorora, ilikuwa mibaya kuliko yote. Baba alijaribu kumfundisha cherahani. Wateja walimpigia kelele usoni, wakidhani ukipiga kelele vya kutosha kiziwi atasikia, na Mzee Zubeiri naye alianza kupiga kelele, kisha akijilaumu usiku kucha. Watoto wa mtaa walimwiga sauti. Mselem akaacha kusema. Alikaa chumba cha ndani, mlango umefungwa, na alipotoka alitoka kwenda msikitini na kurudi.

Asubuhi moja Saleha alifungua chumba, hayumo. Hakuwa msikitini wala Chumbageni. Mwuza kahawa mmoja akasema amemwona kwenye reli, anatembea kati ya vyuma kuelekea Pongwe, mgongo ameupa mji.

Saleha alitoka vile alivyo, bila viatu. Alishika njia ya reli. Alijua kwamba gari la moshi la asubuhi limekwisha kuondoka kituoni, na alijua kwamba mwanawe hawezi kulisikia likimjia kwa nyuma. Alimwita. Alitembea juu ya kokoto akimwita kwa jina mtu asiyesikia, naye analijua hilo, na hakuweza kuacha. Watu wa mashambani waliinua vichwa wakamwonea huruma, wakidhani ana wazimu. Alifika Pongwe nyayo zimepasuka. Mtu wa kituo alimwambia kwamba hakuna aliyegongwa. Hakuweza kumwambia zaidi ya hapo.

Yaliyotokea yalijulikana siku zilizofuata, Abrahamu alipokuja Makorora akitoka kwao shambani, alikokwenda siku ya mapumziko ya shule. Alimwamkia Saleha shikamoo, akamwambia haraka kabla hajauliza kwamba Mselem yu hai. Kibarua wa reli alimvuta kwa shati dakika ya mwisho, na gari lilipita likimpuliza nguo. Mselem mwenyewe alimweleza Abrahamu kwamba hakuwa amekusudia kufa. Alikusudia tu asigeuke nyuma. Alipopata nguvu ya kusimama aliendelea na njia mpaka shamba la mkonge, kwa mama yake Abrahamu, kwa kuwa nje ya Tanga hakujua nyumba nyingine.

Mama huyo aliitwa Benedikta. Hakumwuliza kitu. Alimpa uji, akampa mkeka, na baada ya siku chache alimchukua kazini. Alikuwa akifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Korona ilinguruma tangu alfajiri mpaka jioni kiasi kwamba mtu akikupigia ukelele sikioni humsikii. Mselem alisimama mlangoni akawatazama wanawake na wanaume wanaopokea nyuzi mbichi. Hakuna midomo iliyokuwa ikicheza. Walikuwa wakizungumza kwa mikono, kwa haraka, wakitaniana, wakiagizana, wakigombana, na mmoja wao akamwashiria asogee ashike upande wa pili wa fungu. Naye akasogea akalishika.

Mzee Zubeiri alikwenda kumchukua. Alipanda basi mpaka njia panda, akatembea mpaka korona, akamkuta mwanawe amelowa maji ya kijani, mikono imechanika kwa miiba. Alianza kusema. Alisema maneno mengi aliyokuwa ameyapanga njia nzima, kwamba hakumsomesha ili awe kibarua wa katani, kwamba mama yake halali, kwamba arudi. Katikati yake aligundua kwamba hata sauti yake mwenyewe haisikii. Akanyamaza. Mselem alisema jambo, na kwa mara ya kwanza tangu homa Mzee Zubeiri alilazimika kumtazama midomo.

"Baba, hapa sote hatusikii."

Mzee alikaa kwenye fungu la nyuzi mpaka mashine iliposimamishwa jioni. Kisha alirudi mjini. Alimwambia Saleha kwamba mtoto anakula vizuri, na kwamba amekataa kuja.

Jumapili moja Mselem alikwenda Muheza kumtafuta Asheri. Alimkuta uani kwao, anapanga machungwa kwenye tenga, gongo limelazwa kando. Mselem alisema yale aliyotaka kusema tangu getini pa shule, kwamba hakusikia, na kwamba anamwomba radhi. Asheri alimsikiliza. Kisha akainamia machungwa yake akasema maneno marefu, uso chini, midomo haionekani. Mselem alimpa kipande cha karatasi na kalamu. Asheri hakuvichukua. Alimaliza kusema, akashika gongo lake, akaingia ndani. Mselem alisimama pale uani, hajui kama amesamehewa au amelaaniwa. Alikwenda tena mwezi mwingine, akaambiwa Asheri amehamia Korogwe kwa mjomba wake. Hakumwona tena.

Abrahamu alimaliza darasa la kumi na mbili, akapata kazi ya ukarani Moshi. Mwaka wa hamsini na tisa Mselem alikuwa bado kwenye korona, kifua kimeanza kumsumbua kwa vumbi la nyuzi kavu, mikono migumu kama ya mzee. Tarumbeta hakuigusa tena, wala hakukimbia mbio. Saleha alikuja kila baada ya muda kwa basi, na kikapu cha samaki wa kukaanga na kaimati. Lugha ya mikono hakujifunza. Alikaa naye mlangoni kwa Benedikta na kumsimulia habari zote za Makorora kwa mdomo, moja baada ya nyingine, kwa lafudhi yake ya kwao, nani ameolewa, nani amezaa, nani amekufa, kama anavyosimulia mama yeyote. Mselem alimtazama usoni mpaka amalize.